Chemchemi, Mikaratusi na Tope la Agosti

Ninyi mnaokaribia mtihani, swali la kuhifadhi mazingira litakuja. Karatasi sijaiona, na akitokea wa kuwaambia ameiona, mkataeni yeye pamoja na bei yake. Litakuja kwa sababu huwa linakuja, nanyi kila mwaka hujibu "kupanda miti", mkapiga mstari chini ya jibu, mkaenda zenu nyumbani.

Juzi Naliaka aliingia jikoni kwangu hapa Kitale na bunda la karatasi za marudio. Ni binti wa mpwa wangu, ni mtahiniwa, na ana haraka ya mtu aliyeacha simu ikichajiwa kwa jirani.

"Kukhu," akaniita, maana ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, "si unisaidie na hii? Taja njia za kulinda chemchemi."

"Wewe umeandika nini?"

"Kupanda miti."

"Miti gani?"

"Miti tu. Hawaulizi miti gani."

"Na utaipanda wapi?"

"Karibu na maji. Ama?"

"Ningekuwa mimi ndiye nasahihisha, ungepata nusu alama na onyo."

"Kukhu, hakuna nusu alama."

"Basi ungebaki na onyo."

Alicheka, akachukua chapati, akaenda. Nami nikabaki na lile swali mezani. Naona afadhali niwaandikie ninyi nyote kuliko kumngoja kila mmoja aje kumaliza chapati zangu.

Kazi yangu ilikuwa ya kutembelea mashamba, upande wa udongo na maji, kuanzia Endebess kule chini ya mlima mpaka Myanga kwa Bungoma. Kazi hiyo kwa watu ni ya bwana shamba. Mimi ni mwanamke, na mwanzoni niliwasahihisha. Baadaye nikagundua kwamba bwana shamba hupewa kiti haraka kuliko mama wa ofisini, nikanyamaza, nikakaa.

Kabla ya hapo niliuza nguo za mitumba soko la Kitale. Wenzangu waliosoma sana waliona hiyo ni historia ya kuficha, lakini mimi sikuona mafunzo bora kuliko yale. Muuza mtumba anajua kwamba mteja akisema "hapana" huku bado ameshika shati, hiyo si hapana. Anajua pia kwamba mteja akisifu sana hatanunua. Tofauti ilikuwa moja tu. Sokoni nilikuwa na shati la kuonyesha. Shambani nilikuwa nauza korongo ambalo halitatokea. Mwambie mkulima achimbe mtaro wiki nzima ili kitu fulani kisionekane, kisha umwombe ashukuru. Jaribuni siku moja.

Aliyenifundisha kuuza kitu kama hicho ni mzee wa ofisi yetu aliyeitwa Wanyonyi, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Siku zangu za kwanza Endebess tulikwenda kwa mkulima mmoja wa mahindi. Shamba lake lilikuwa limelimwa kutoka juu kwenda chini, mistari imenyooka kama nywele zilizosukwa. Ukiwa barabarani ulitamani kupiga picha. Nikaanza hotuba yangu ya mmomonyoko. Yule mkulima akanisikiliza kwa adabu kabisa, akasifu sauti yangu. Nikajua nimekosa mteja.

Wanyonyi alimwomba tu atusindikize mpaka barabarani. Pale kwenye mtaro wa barabara udongo mweusi ulikuwa umejaa hadi kwenye ukingo, umeota magugu mazito ya kijani.

"Magugu yako yamenona," Wanyonyi akasema.

"Si yangu hayo. Ni ya barabara."

"Udongo ni wa nani?"

Mkulima akatazama juu shambani, akatazama chini mtaroni. "Huyu dereva wa trakta," akasema hatimaye, "huwa anapenda kulima hivyo, akigeuka mara chache."

"Ndiyo. Na wewe unanunua mbolea, unampatia barabara."

Tuliporudi, Wanyonyi aliniambia jambo moja tu: usimwambie mtu udongo wake umekwenda, mpeleke ulipokwenda. Kwa hilo neno nimekula mshahara miaka yote.

Sasa hapo kuna alama zenu, msizipite. Kulima kukata mteremko, si kufuata mteremko. Mkiulizwa mstari wa kontua hupatikanaje, jibu si lazima liwe mashine. Sisi tulitumia fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A, kamba, na jiwe linaloning'inia katikati. Jiwe likitulia kwenye alama ya katikati ya ufito wa kati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unapigilia kigingi, unageuza mguu, unaendelea. Ukimaliza unarudia tena kutoka upande wa pili. Vijana wa ofisi walinicheka kwa kurudia. Upepo ukisukuma lile jiwe kidogo, mtaro wako utapeleka maji yote kwenye choo cha jirani, na hapo hakuna anayecheka.

Kisha kuna kitu kinachoitwa fanya juu. Mnachimba mtaro kwenye kontua na udongo mnautupa upande wa juu, tuta likae juu ya mtaro. Juu ya tuta mnapanda nepia au nyasi nyingine za kushika udongo. Mvua ikishusha udongo, tuta linauzuia, na miaka ikienda shamba lenyewe linakuwa ngazi. Kosa la watu wetu ni moja, nami nimelikuta kila kijiji. Kutupa udongo juu kunauma mgongo. Mwenye shamba akienda sokoni, wachimbaji wanautupa chini. Nilimkuta mmoja Endebess amemaliza mtaro mzima hivyo, amekaa juu ya tuta anakula ndizi.

"Huu udongo ulikuwa uende juu."

"Bwana shamba, udongo ni udongo. Hata kule chini iko tu."

Msiniulize kama alirudia. Alirudia. Kutupa chini nako kuna jina lake, fanya chini, na kuna mahali pake, kwenye mteremko wa polepole. Lakini hakukujengei ngazi kama kule kwingine. Mtahini anapenda sana kuuliza tofauti ya hizo mbili, na sasa mnaijua kwa mgongo wa mtu mwingine.

Nirudi kwa miti. Nina tabia ambayo imenifanya nisialikwe kwenye sherehe nyingi za kupanda miti, tabia ya kuhesabu mara mbili. Mara ya kwanza siku ya kupanda, wageni wakiwa wamevaa kofia na kamera ziko tayari. Mara ya pili kiangazi kikishapita, mbuzi wakishapita, na watoto wakishapita wakitafuta fimbo. Hesabu ya kwanza wanaipenda sana, huisoma kwa kipaza sauti. Ya pili nilikuwa naibeba mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo mkiulizwa, msiishie kwa kupanda. Andikeni kupanda, kuweka uzio, kumwagilia, kupalilia, kutoa karatasi ya plastiki kabla mche haujaingia shimoni. Mche ukizikwa na plastiki yake, mizizi inazunguka ndani kama mtu aliyefungiwa dukani, na mwishowe unakauka umesimama wima, na watu wanalaumu mvua.

Haya. Sasa chemchemi.

Ilikuwa upande wa Myanga, kwenye shamba la mzee nitakayemwita Kuka Simiyu. Kuka kwetu ni babu. Kijiji kizima kiliteka maji pale. Nilipofika mara ya kwanza, foleni ya mitungi ilikuwa imepanda kilima, na maji yenyewe yalitoka kama uzi wa kushonea. Wanawake walikuwa wameacha kugombana, na hapo ndipo nilipoogopa. Watu wakigombania maji, maji bado yapo.

Vijana wa kijiji walikuwa wameshajaribu tiba yao. Maji yalipoanza kupungua walileta sururu, wakachimba pale pale jichoni, mahali maji yanapotokea, ili yatoke kwa nguvu. Nilifika wakiwa wamepumzika kabla ya kuendelea, nikakaa juu ya shimo lenyewe na mkoba wangu, nikakataa kuondoka mpaka wapeleke sururu nyumbani. Chemchemi si kisima. Maji hutembea chini ya ardhi juu ya tabaka gumu la udongo usiopitisha maji, mpaka yanapokuta upenyo yanatokeza. Ukitoboa lile tabaka, maji yanazama chini na hayakuagi. Vijana walikasirika, lakini kumwondoa mama mzima juu ya shimo kunahitaji moyo ambao hawakuwa nao.

Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kutafuta. Ulikuwa umesimama pale pale. Mikaratusi mirefu, minene, ilizunguka lile bonde dogo kama askari. Kuka Simiyu aliipanda zamani, enzi za malori ya magogo kuelekea kiwanda cha karatasi cha Webuye, wakati kila mwenye kipande cha ardhi alikuwa anapanda.

Nilimkuta amekaa kivulini mwa hiyo hiyo mikaratusi.

"Mulembe, Kuka."

"Mulembe. Umekuja kukata miti yangu?"

"Nimekuja kunywa maji."

"Maji hakuna."

"Basi nimekuja kuuliza yameenda wapi."

Akanitazama kuanzia viatu. "Nyinyi watu wa ofisi. Zamani mlikuja hapa mkasema pandeni mikaratusi. Mlileta hadi miche. Sasa mnarudi mnasema ng'oeni. Kesho mtasema nini? Nirudishe ng'ombe kwa tumbo ya mama yake?"

Hapo alinishika. Aliyemletea miche hakuwa mimi, lakini buti nilizovaa zilikuwa za ofisi ile ile. Nikamwambia ukweli, kwamba ni kweli ofisi ilileta miche, na kwamba waliomletea walisahau kumwambia mahali pa kuipanda.

Nanyi msije mkaandika kwenye mtihani kwamba mkaratusi ni mti mbaya. Mkaratusi si mchawi, ni mnywaji. Unakua haraka, unatoa nguzo, unatoa kuni, na kila nguzo ya mkaratusi inayouzwa ni mti mmoja wa msitu wa mlimani ambao haukukatwa. Mahali pake ni kilimani, kwenye mawe, mbali na maji. Kuupanda kando ya chemchemi ni kumpa mlevi kazi ya kulinda baa.

Kuka Simiyu alicheka kwa huo mfano. Halafu akakataa.

"Hii miti ni ya uzee wangu," akasema. "Maji ni ya Mungu. Mungu akitaka itatoka."

Nilirudi mara nyingi. Nilimsifu ng'ombe wake, nikanywa chai yake isiyo na maziwa, nikasikiliza habari za magoti yake. Alikuwa anasema hapana, lakini kila nikiondoka alikuwa ananiuliza nitarudi lini. Mteja bado ameshika shati.

Aliyenipa ufunguo ni mke wa mwanawe, Mama Barasa, mwanamke wa maneno machache aliyenisaidia kubeba fito zangu za kontua. Barasa, mwanawe wa kwanza, alikuwa anangoja kutahiriwa. Sisi Wabukusu hutahiri Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka unaofuata hapana. Ile ya Barasa ilikuwa ingali mwaka mzima mbele. Asubuhi ya tohara kijana hupelekwa na wanaume mpaka mahali pa ukoo wake penye matope, sitosi tunapaita, anapakwa tope baridi mwili mzima, kisha anarudishwa kwao kwa nyimbo. Sitosi ya kina Simiyu ilikuwa kwenye ardhi oevu chini kidogo ya ile chemchemi. Baba yao alipakwa pale, na baba yake.

"Bwana shamba," Mama Barasa akaniambia akitazama pembeni, "hapo chini imekauka. Imepasuka kama mguu ya mtu hana viatu. Wazee wanajua. Hakuna mtu anasema."

"Mwambie baba mkwe wako."

"Mimi? Mimi ni mkwe. Nitamwambia aje?"

Kweli, asingeweza. Mkwe hata kivuli cha baba mkwe hakanyagi, seuze kuzungumza naye habari za tohara. Mimi nami ni mwanamke, mambo ya sitosi si yangu kuuliza. Lakini hakuna aliyewahi kunikataza kumwomba mzee anionyeshe mtaro wa maji machafu utapita wapi.

Kwa hiyo nikamwomba. Nikamwambia tukijenga chemchemi, maji yanayomwagika lazima yawe na njia, naye ndiye anayelijua shamba lake. Akachukua bakora, akatangulia. Tukateremka polepole kwa ajili ya yale magoti. Nilipoona matete yamekauka nikaacha kutembea, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Yeye akaendelea peke yake mpaka katikati.

Ardhi ilikuwa imepasuka vipande vipande. Alisukuma bakora ndani ya ufa mmoja, ikaingia bila kulowa. Akaitoa akaitazama ncha yake.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mzee mwenzake, Wekesa, akipalilia maharagwe. Hao wawili walitaniana tangu utotoni. Akasimama akaegemea jembe.

"Simiyu! Mwaka kesho mtakuja kwetu kuomba tope, ama mtanunua kwa soko ya Myanga?"

"Palilia maharagwe yako, Wekesa."

"Mimi nauliza tu nijue nitaweka bei gani!"

Kuka Simiyu akageuka. Tulipanda kilima, na njiani alipumzika kila hatua chache, si kwa sababu ya magoti. Alipofika juu akakaa pale kivulini, akainua macho akatazama mikaratusi yake kama mtu anayetazama watoto wa mtu mwingine.

"Nikate upande huu," akasema.

Mazungumzo ya bei yalikuwa yameanza. Nikatandika leso nikakaa.

"Upande huu tu, Kuka, upande ule utakunywa mara mbili."

"Basi yote ya hapa karibu. Mpaka pale mbuzi imefungwa."

"Mbuzi amefungwa karibu sana. Mpaka kwa lile jiwe jeupe."

"Jiwe jeupe! Unataka nibaki na nini, bwana shamba, na kofia?"

"Na kilima chote cha mawe kule nyuma. Ile ya kilimani sitaigusa, na nikikuletea miche mingine ya mkaratusi utaiongeza kule. Hapa nitaleta mikuyu na mizambarau ya pori."

"Mikuyu inaota polepole."

"Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Akanitazama sana. Kisha akanyoosha mkono. Tukakubaliana jiwe jeupe.

Msumeno ulifika, mikaratusi ikaanguka, akaiuza, na kijiji kikashangilia. Sikushangilia. Nilirudi baada ya mvua chache kuhesabu mara ya pili, nikakuta kila kisiki kimevaa kofia ya machipukizi, yanang'aa, marefu kufika kiunoni. Mkaratusi ukiukata hujaumaliza, umeuamsha. Na yale machipukizi yalikuwa yamepunguzwa vizuri, mawili mawili kwa kisiki, kama anavyofanya mtu anayetarajia nguzo.

"Kuka, hii ni nini?"

"Uliniambia nikate. Nimekata."

"Na nani amepunguza haya machipukizi?"

"Pengine ni mbuzi."

"Mbuzi ana panga?"

Alikohoa. Mama Barasa, aliyekuwa anapita na mtungi, aligeuza uso upande wa pili haraka sana. Nikamwambia mzee sawa, abaki na machipukizi, nami nitapita kwa Wekesa kumwuliza bei yake ya tope. Nikashika mkoba. Sikuwa nimefika kwenye ua aliponiita. Wiki ile ile alikuwa na wanawe pale bondeni, wanachimbua visiki kwa sururu, na vile vilivyoshindikana wakavimenya gamba mpaka chini ya udongo ili visichipue. Kumbukeni hilo. Kitabu chenu kitasema "ondoa miti isiyofaa". Kuondoa ni mpaka mzizi.

Ndipo tukajenga. Fundi niliyemleta alikuwa mwangalifu, maana kwenye chemchemi iliyotangulia, kijiji kingine, aliona kosa ambalo mtu halisahau. Waliojenga pale waliweka paipu juu kuliko jicho, ili mitungi ikae vizuri. Maji yakajaa nyuma ya ukuta, yakachoka kusukuma, yakatafuta njia nyingine yakatokea katikati ya viazi vitamu vya jirani. Huyo jirani akaamka na chemchemi yake mwenyewe, akaweka mlango na saa za kufungua. Kwa hiyo paipu hukaa chini ya usawa wa jicho. Nyuma ya ukuta tulijaza mawe yaliyooshwa, juu yake udongo wa mfinyanzi uliokandamizwa ili maji ya mvua yasiingie, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Juu kabisa tulichimba mtaro wa kukatia maji ya kilimani yasilete uchafu. Uzio kuzunguka jicho, ng'ombe wanywe kule chini kwenye hori lao. Kufua nguo mbali, vyoo mbali, tena upande wa chini, na hakuna kunyunyiza dawa za shamba upande wa juu. Nimewapa hapo majibu ya swali zima la Naliaka, na hakuna hata moja linalosema "miti" tu.

Lakini maji hayakurudi.

Lazima niwaambie hili pia, kwa sababu vitabu vinaruka. Tulimaliza kila kitu sawasawa na uzi ukabaki uzi. Miezi ikapita. Ardhi iliyonywewa miaka mingi inajaza tumbo lake kwanza. Mimi nilikuwa na hakika, nimeona chemchemi nyingine zikifanya hivyo, lakini hakika ya bwana shamba haijazi mtungi. Wekesa alikuwa anapita makusudi. "Simiyu, miti hakuna na maji hakuna. Huyu mama amekuuza pamoja na miti yako!" Kuka Simiyu hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri. Alikuwa anateremka kila asubuhi na bakora yake, anaisukuma ardhini, anaitoa, anarudi.

Masika yakaja, mazuri, mvua ya polepole inayokaa. Mtaro wa juu ukafanya kazi yake. Mikuyu ikashika. Uzi ukawa kamba, halafu siku moja Mama Barasa akaniambia mtungi unajaa kabla hujamaliza kusalimiana. Kule chini sikwenda kuangalia. Julai iliingia na njuga za watahiriwa zilikuwa zinasikika vijijini, wakizunguka kuwaalika jamaa zao. Wanaume walikuwa wanafyeka njia kuelekea bondeni, na mwanamke mwenye akili hapiti huko.

Agosti yenyewe nilialikwa, nikafika asubuhi, ukungu bado umeshika migomba. Mama Barasa alikuwa ameshafagia ua, mistari ya ufagio bado inaonekana vumbini. Alikuwa amesimama mlangoni na ufagio mkononi, amesahau kuuweka. Sisi wanawake tulingoja. Mkiona watu wametega sikio jinsi tulivyotega, mtajua kwamba mazingira si somo.

Nyimbo zilisikika kwanza mbali, zikazama, zikapanda tena upande wetu wa kilima. Wanaume wakatokea kwenye migomba, jasho na umande mpaka magotini, na katikati yao Barasa, wima, macho mbele, jani la nyasi limesimama kichwani. Kuka Simiyu alikuwa nyuma yake. Bakora yake ilikuwa nyeusi kuanzia ncha mpaka karibu na mkono, na hakuniangalia.

Mama Barasa naye hakuangalia uso wa mwanawe. Alikuwa anaangalia mabega, kifua, miguu.

"Imelowa," akasema polepole. "Bwana shamba, iko na maji."

Tone la kwanza la tope lilianguka kwenye ile mistari ya ufagio, zito, jeusi, na mengine yakafuata mpaka katikati ya ua Barasa alipokwenda kusimama. Mama Barasa akatazama ufagio mkononi mwake, akauegemeza nyuma ya nyumba, na siku ile nzima hakufagia tena.